Mboga za Tuta la Chini

Mimi ndiye niliyesema tukate mfereji. Nalitaja hilo mwanzo ili asitafutwe mwingine wa kulaumiwa.

Ilikuwa mwaka wa 1986. Kikundi chetu cha mwethya, yaani akina mama wanaosaidiana kulima shamba la kila mmoja kwa zamu, kilikuwa na watu kumi na wanne. Tulikuwa tumemaliza kuchimba matuta ya fanya-juu kwenye shamba langu, chini kidogo ya mji wa Salama. Anayeijua kazi hiyo anajua jinsi ilivyo. Unachimba mtaro unaokata mteremko, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu mpaka unakuwa tuta. Mvua ikinyesha, maji yanakaa mtaroni badala ya kukimbia na shamba. Tope linalobaki humo mnalizoa kila mwaka na kulitupa juu ya tuta, na hapo ndipo pazuri kuliko pote pa kupanda.

Shida yetu ni kwamba mvua ni kidogo. Lakini barabara ya Mombasa ikinyeshewa, maji yake hayana pa kuingia. Yanakimbia tu kando ya lami, mekundu, mengi, yanapotea korongoni. Nilikuwa nikiyaangalia kila msimu na kuona uchungu. Kati ya barabara na shamba langu palikuwa na uwanja wa Mbugua, kijana aliyehama kutoka Murang'a na mkewe Waruguru. Alinunua betri mbovu za malori, akazivunja kwa nyundo, akamwaga asidi, akayeyusha madini yake kwenye sufuria kubwa ya chuma. Vipande vikishaganda vilipakiwa kwenda Nairobi.

Nilimwendea nikamwomba tupitishe mfereji uwanjani kwake.

"Mama, kata tu," aliniambia. "Maji ya mvua nitayafungia wapi mimi?"

Siku ya kuchimba alitukopesha sururu mbili, na Waruguru akatuletea uji debe zima, wenye sukari. Sijasahau uji ule. Wengi wangetuacha tuchimbe huku wakituangalia kutoka kivulini.

Maji yalikuja. Msimu wa kwanza maharagwe niliyopanda kwenye tuta la chini yalitoka manjano, yakadumaa, yakafa. Nikasema ni wadudu. Nikapanda mchicha, ule tunaouita terere, pamoja na sukuma wiki. Hivyo havikufa hata kidogo. Vilisimama vyeusi kwa ubichi, hata mwezi wa tisa, wakati mashamba mengine yamebaki vumbi. Kila mama wa mwethya alikuwa akichuma hapo. Ndululu, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, alikuwa akija na kikapu kikubwa kuliko cha mtu yeyote.

"Mama Nzioka," alikuwa akisema, "wewe ukifa mimi nitaolewa na hili tuta."

"Utaolewa na tuta kwa sababu wanaume wamekushinda."

"Wamenishinda wapi? Niliwashinda mimi."

Wakati huo nilikuwa nikimlea mjukuu wangu Muthoki. Mwanangu Nzioka na mke wake walikuwa wakifanya kazi Mombasa, na mtoto alikuwa kwangu tangu aachishwe ziwa. Alikuwa mtoto wa mbio. Ukimwita jikoni, anakujibu kutoka kwa jirani. Nilipokuwa nikilima tuta la chini alikaa mtaroni akifinyanga vyungu vidogo vya tope. Tope lile lilikuwa laini kama unga, mpaka nikalitumia kusiriba sakafu ya nyumba yangu, na wageni wakaisifu.

Mwaka wa 1988, akiwa na miaka mitatu na nusu, Muthoki akaacha mbio.

Mwanzoni nilidhani amekua tu, ametulia. Kisha akaanza kushika tumbo. "Susu, linanifinya," alikuwa akiniambia. Susu kwetu ni nyanya, yaani bibi. Choo kikawa kigumu. Chakula akakikataa. Nikafunua jicho lake nikaona ndani peupe. Nikampeleka zahanati, akapewa dawa ya minyoo. Nikarudi naye, akapewa ya malaria. Mara ya tatu muuguzi akaniambia damu yake imepungua, nimwongezee mboga za kijani.

Sasa mboga za kijani mimi nilikuwa nazo kuliko mtu yeyote wilaya nzima! Nikawa nachuma asubuhi na jioni. Nikachemsha terere, nikamnywesha supu yake kwa kijiko, hata alipogeuza uso. Nilimshika kidevu nikamwambia, "Kunywa, mama, ni damu hii." Yeye alikuwa mtoto mtiifu, akanywa.

Akazidi kuisha.

Mwezi wa nane Nthenya akaja likizo. Nthenya ndiye mtoto wa kwanza wa Nzioka, dada yake Muthoki, na alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisoma mambo ya mimea na kemia. Alifika jioni na begi lake, akamnyanyua mdogo wake, na tabasamu lake likapotea pale pale.

"Susu, huyu amekuwa mwepesi hivi tangu lini?"

Nikamweleza. Akauliza anakula nini. Nikamwambia. Akauliza mboga zinatoka wapi. Asubuhi nikampeleka shambani nikiwa na fahari, maana matuta yale hakuwa ameyaona yakiwa na mboga. Alisimama juu ya tuta, akafuata mfereji kwa macho mpaka ukafika kwenye moshi wa sufuria ya Mbugua. Akakaa chini.

"Susu, betri zina risasi ndani. Ni madini mazito, ni sumu. Mvua inaikokota hadi hapa."

"Sumu?" nilimwambia. "Nthenya, angalia sukuma hii. Jani moja linafunika sahani. Sumu ingeiua kwanza yenyewe kabla ya kumfikia mtu."

"Ulipanda maharagwe hapa? Yalikuwaje?"

"Yalikufa."

"Na terere?"

"Haikufa."

Aling'oa mche wa terere, akakung'uta udongo, akaniwekea mzizi kiganjani. Nthenya hana dharau ya wasomi. Akikueleza jambo anakaa chini nawe, na ukiuliza mara mbili anajibu mara mbili.

"Mmea hauna miguu, Susu. Ukipandwa penye sumu hauwezi kuhama. Kwa hiyo baadhi ya mimea imejifunza njia. Mzizi ukionja hayo madini, mmea unatengeneza nyuzi ndogo sana, hata kwa miwani huzioni. Nyuzi hizo zina salfa, na salfa ikikutana na madini ya namna hiyo inayakamata. Mmea unayafunga na hizo nyuzi, halafu kila chembe hai yake inayasukuma kwenye kifuko chake cha ndani, mbali na kazi zake. Mengine yananata kwenye kuta za mzizi na hayapandi juu kabisa. Maharagwe hayakuweza kufunga ya kutosha, yakafa. Terere iliweza."

Nilifikiria. Nikashika pembe ya leso yangu, pale ninapofunga ugoro ili watoto wasiufikie.

"Kama fundo hili."

"Kama fundo hilo hilo."

"Basi kama imefungwa, shida iko wapi?"

"Mmea umejifungia wenyewe, Susu. Haukumfungia Muthoki. Jani likifika tumboni mwake, fundo linafunguka."

Niliketi kwenye tuta langu. Nilikumbuka kijiko, na kidevu cha mtoto mkononi mwangu. Lakini mimi si mtu wa kulia kabla sijajua nililialo. Nilisema, "Hayo ni maneno. Yapimwe."

"Ndivyo nilivyotaka kusema," alijibu.

Tulichukua udongo wa mtaroni, mizizi, majani tuliyoosha na majani ambayo hatukuosha, na hindi moja kutoka tuta hilo hilo. Kila kimoja tukakitia kwenye mfuko wake wa karatasi, na Nthenya akaandika juu kwa penseli. Siku ya pili tukapanda basi pamoja na Muthoki mgongoni kwangu. Nthenya akaenda na mifuko kwa mwalimu wake, mimi nikakaa kwenye foleni ya hospitali kubwa ya jijini. Mama mmoja nisiyemjua, mwenye mtoto aliyevunjika mguu, alituachia nafasi yake kwenye benchi na kusimama saa nzima. Hakuniambia jina lake.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Majibu ya damu yalipotoka aliniita pembeni, na Nthenya akiwa amefika.

"Kipimo cha risasi kwenye damu ya mtoto hakitakiwi kufika ishirini na tano," alisema. "Huyu ana sabini na mbili."

"Atapona?" niliuliza.

"Dawa ipo. Inashika risasi kwenye damu na kutoka nayo kwenye mkojo."

Nthenya akauliza, "Ina salfa, daktari?"

Alimtazama kama mtu aliyemwona sasa hivi. "Ina salfa. Utaisikia kwa harufu." Kisha akanigeukia. "Lakini sikiliza, mama. Dawa hii si ruhusa ya kurudi kwenye sumu. Akiimeza huku anaendelea kula na kulamba udongo ule, tunaweza kumfanya awe mbaya zaidi. Nitamweka hapa wiki tatu. Kabla hajarudi nyumbani, nyumbani pawe safi. Usiponihakikishia, simtoi."

"Patakuwa safi," nilisema.

"Mama, nimekupa wiki tatu tu."

"Nimesikia. Patakuwa safi."

Nilimwachia Nthenya mtoto nikarudi peke yangu na karatasi ya majibu ya yule mwalimu wake mkobani. Nilikuwa naisoma kwenye kiti cha basi, pole pole, kwa kidole. Udongo ulikuwa na risasi nyingi sana. Mzizi wa terere ulikuwa nayo nyingi. Jani lilikuwa nayo kidogo kuliko mzizi, lakini bado kupita kiasi cha mtu kula, hata lililooshwa. Punje za mahindi karibu hazikuwa na kitu. Mmea ulikuwa umepanga vizuri: uchafu mwingi umeufungia chini, mwingine kwenye majani, na mbegu zake umezilinda. Nilijikuta nausifu. Mama yeyote angefanya hivyo.

Jumamosi niliwaita mwethya. Nilisimama kwenye tuta la chini nikasema mboga zote zing'olewe leo, na mfereji uzibwe.

Kulikuwa na kiangazi, msifikiri ilikuwa rahisi. Hapakuwa na jani lingine la kijani mpaka Emali. Mumbua, ambaye ana watoto saba, alijifunika uso na leso. Ndululu ndiye aliyesema wazi.

"Mama Nzioka, wewe ulituchimbisha. Mgongo wangu haujanyooka tangu siku ile. Leo unatung'oesha?"

"Leo nawang'oesha."

"Kwa sababu ya karatasi? Mimi nimekula hizi mboga miaka miwili. Niangalie. Nimekufa?"

"Hujafa. Lakini juzi ulisema tumbo linakusokota."

"Linanisokota kwa sababu ya kukusikiliza wewe!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Kisha niliwaambia yale ya kijiko. Niliwaambia jinsi nilivyomshika kidevu. Sikuyapamba. Nilisema, "Nilimlisha mwenyewe kwa mkono huu, nikidhani namwongezea damu. Kila mmoja wenu ana mtoto nyumbani. Mimi sitalinda mboga."

Ndululu aliangalia kikapu chake kikubwa. Halafu akakitupa chini, akainama, akashika sukuma iliyokuwa karibu na mguu wake, akaing'oa na mzizi. Wengine wakafuata.

Nthenya alikuwa ameniagiza tusizichome, maana moshi ungebeba sumu, wala tusiwape mbuzi. Tulichimba shimo refu mbali na kisima, tukafukia.

Tulipopanda kuziba mfereji tulimkuta Mbugua amesimama uwanjani. Habari zilikuwa zimemfikia zikiwa zimetiwa chumvi.

"Mama, nimesikia unasema nimewatilia sumu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, haikuwa ya ugomvi. "Nilikupa njia bure."

"Ulinipa bure, na mke wako akatupikia uji. Nilikuomba mimi. Wewe hukujua, na mimi sikujua."

"Hii kazi ndiyo inalisha watoto wangu. Na mboga zenu zina afya kuliko mimi."

"Kweli kabisa," nilisema. "Hebu nyoosha mikono."

Nthenya alikuwa amenieleza la kuangalia. Mbugua alinyoosha mikono mbele yake, kwa kunidhihaki kidogo. Vifundo havikukaa. Viganja vilianguka vikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Alijaribu kuviinua, akashindwa, akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Ni uchovu," alisema.

"Tangu lini?"

Waruguru ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Tangu Pasaka, mama. Kikombe cha chai namshikia mimi."

Nilimpa jina la daktari na siku za kliniki. Sikumwambia afunge kazi. Mtu akishaona mikono yake mwenyewe hahitaji hotuba. Alichukua mojawapo ya zile sururu zake, akaipachika kwapani kwa sababu vidole havikuikaza vizuri, akaanza kutusaidia kusukuma mawe kwenye mdomo wa mfereji. Nilimwambia apumzike. Alisema, "Nilikuwepo ukifunguliwa."

Ilibaki nyumba yangu. Nilikuwa nimepanga kuibandua ile sakafu ya tope la mtaroni peke yangu, maana hiyo haikuwa kazi ya kikundi, ilikuwa urembo wangu. Jumatatu niliamka nikachukua jembe, nikasikia watu uani. Walikuwa kumi na watatu wote, hata Mumbua na kitoto chake kichanga. Hawakuwa wameitwa. Ndululu alikuwa na karai kichwani.

"Sogea," aliniambia. "Wewe ni mzee."

"Tumezaliwa mwaka mmoja."

"Mwezi wangu ulifuata wako."

Walinyunyiza maji kwanza ili vumbi lisipande, wakabandua sakafu yote kina cha kiganja, wakabeba nje. Siku tatu walileta udongo mwekundu kutoka kilimani, karai kwa karai, mahali ambapo maji ya barabara hayajawahi kufika. Wakasiriba nyumba, wakatandaza uani. Uliobaki wakaupandisha kwenye tuta langu la juu kabisa, ili nipate pa kupanda mboga mpya mvua zikija. Kwenye tuta la chini tulipanda katani na majani ya kushika udongo, vitu ambavyo mtoto hawezi kutia mdomoni.

Wiki ya tatu nilirudi kwa daktari.

"Pako safi?" aliuliza.

Nilimweleza yote, mpaka kina cha sakafu. Aliandika. Aliuliza mtoto atakula nini. Nikasema ndengu, mbaazi, mayai, maziwa ya mbuzi asiyelishwa huko chini, na mboga za kununuliwa Kilungu. Aliuliza mikono ataoshwa mara ngapi. Nikasema kila akikumbuka kwamba ana mdomo. Hapo alicheka, mara yake ya kwanza, akamtoa.

Hakupona siku moja. Nilikuwa nimeamua atapona, na nikaishi hivyo, lakini niliona ya kuona. Maneno mengine yalikuwa yamempotea, akaanza kuyatafuta upya. Miezi mizima alichoka haraka. Vidonge vilinuka mayai mabovu, tukawa tunavimeza pamoja: yeye chake, mimi kipande cha ndizi, tukikunja nyuso kushindana.

Kila baada ya miezi miwili tulipimwa. Hamsini na nne. Arobaini na moja. Mara moja ikapanda tena, nikakesha nikiipekua nyumba yangu, na kukuta kijungu chake cha tope la zamani alichokificha chini ya kitanda. Nikakifukia mbali na nyumba. Ikashuka tena.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata daktari aligeuza karatasi ili nisome mwenyewe. Kumi na tisa.

"Iliyoingia kwenye mifupa itachukua miaka kutoka," alisema. "Na masomo huenda yakampa kazi zaidi kuliko wenzake. Siwezi kukuambia hapana."

"Yakimpa kazi, ataifanya," nilisema. "Mwezi wa kwanza anaweza kuanza shule?"

"Mwezi wa kwanza anaanza shule."

Tuliteremka Salama saa tisa. Muthoki alitangulia mbele yangu, akiruka madimbwi ya mvua ya mchana, mengine akiyakosa kwa kusudi. Nilimshika mkono tukaingia kwa fundi wa nguo. Nikachagua kitambaa cha buluu cha sare, kizito, kile kisichopauka upesi. Fundi alimpima mabega na urefu, akauliza kama akate kwa kipimo hicho.

"Kata hicho," nilimwambia, "lakini niachie pindo la vidole vinne chini. Huyu anarefuka."